Pigeni Hodi, Wanangu

Chumba tunachofugia mbu kina milango miwili. Ukipita wa kwanza unajikuta kwenye kijumba chenye giza, kinamtosha mtu mmoja na ndoo yake. Unaufunga nyuma yako, unausukuma kwa kiwiko kuhakikisha umeshika, ndipo unafungua wa pili. Ukiiacha yote wazi kwa pamoja, kazi ya miezi inatoka inaruka. Nimepita milango hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mbu walionitoroka nimewasahau. Wasionitoka moyoni ni vijana waliofika mlango wa kwanza, wakasimama nje na bahasha mkononi, wakasikia sauti zetu ndani, wakaona haya kugonga, wakageuka.

Nawaandikia ninyi. Ninyi mliohitimu baiolojia, kemia, fizikia, hisabati, kilimo, tiba ya mifugo, sayansi za bahari. Ninyi mlio mwaka wa kwanza wa uzamili na hamjui mtafiti nini, na ninyi mlio mwaka wa nne wa uzamivu na mmechoka. Cheti kiko kwenye bahasha ya kaki, nakala zake zimegongwa muhuri wa wakili, na kila asubuhi kabla ya chai mnafungua simu kuona kama tangazo limetoka. Mnangojea kualikwa. Wanangu, maabara haina kadi za mwaliko! Maabara ni nyumba ya watu, na nyumba ya watu mgeni huiingia kwa hodi.

Na hodi yetu mnaijua. Hupigwa mara tatu. Ya kwanza, pengine mwenyeji yuko uani hakusikia. Ya pili, pengine amesikia anajisitiri. Ya tatu isipoitikiwa unaondoka kwa heshima, huna kinyongo, na siku nyingine unarudi. Mtoto wa miaka sita aliyetumwa chumvi kwa jirani anayajua haya. Inakuwaje basi mtu mwenye shahada aandike barua moja kwa profesa mmoja, asijibiwe kwa wiki mbili, atangaze mtaani kwamba utafiti ni wa wenye wajomba?

Nasema kwa uchungu kwa sababu najua kilichomo ndani. Sikilizeni niwaonyeshe.

Mbu jike aliyekamatwa usiku kijijini huletwa asubuhi ndani ya kikombe cha karatasi kilichofunikwa kwa kipande cha chandarua. Unamlaza kwa baridi, unamweka juu ya slaidi penye tone la maji, unashika sindano mbili. Ya kushoto inamkandamiza kifuani. Ya kulia inagusa pingili za mwisho za tumbo na kuvuta taratibu, taratibu kuliko unavyodhani mkono wa binadamu unaweza. Ukivuta vizuri zinatoka ovari mbili nyeupe, ndogo kuliko punje ya ulezi. Unaziacha zikauke, unaziweka chini ya hadubini, unatazama vijimirija vya hewa. Kama ncha zake bado zimejiviringa kama uzi kwenye kibonge, huyu hajawahi kutaga. Kama zimenyooka, ameshataga. Maana yake ameshakunywa damu, ameishi, amezeeka. Na kimelea cha malaria kinahitaji siku kumi au zaidi mwilini mwa mbu kabla ya mbu huyo kuweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo mbu mzee ndiye anayeua watoto wetu. Kijana aliyeinamia hadubini pale anahesabu wazee, na kwa hesabu yake kijiji kizima kitajua kama dawa iliyopuliziwa ukutani mwezi uliopita imefanya kazi au imepotea bure.

Nilirarua mbu arobaini wa kwanza. Kitabu nilikuwa nimekisoma, mchoro niliuchora mtihanini nikapata alama za juu. Mkono haukujua. Aliyenifundisha alikuwa fundi wa maabara aliyeishia darasa la saba, mzee mwenye kikohozi na utulivu wa ajabu. Alivuta kiti, akakaa ubavuni mwangu, akaweka kiganja chake juu ya changu, tukavuta pamoja. Mara moja tu. Ovari za yule wa arobaini na moja zikatoka nzima.

Hilo ndilo ninalowahubiria leo, wala sina jingine. Upo ujuzi usiohama kwa karatasi. Hautumwi kwa simu, haupakuliwi mtandaoni, haukai kwenye cheti. Huhama mtu akikaa karibu na mtu. Nendeni mkakae karibu na wanaojua, kabla hawajastaafu, kabla hawajafa! Yule mzee wangu amelala udongoni sasa, na vitu vingine alivyovijua kuhusu mbu wa bonde lile hakuna aliyekaa karibu naye muda wa kutosha kuvichukua. Vimekwenda naye.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi mapana ya chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, kwa watoto wa Afrika, na Oktoba 2023 ikafuata ya pili, R21. Dunia ilishangilia wanasayansi wakubwa. Mimi nilikumbuka Korogwe, nikakumbuka Bagamoyo, nikakumbuka Kilifi na Siaya, mahali chanjo hizo zilipojaribiwa, nikawaona vijana waliokuwa wakipanda pikipiki alfajiri kufuata mtoto mmoja aliyekosa kuja kliniki, waliosoma slaidi za damu mpaka macho yakawatoka machozi, walioandika saa na dakika ya kila kichupa kilichoingia kwenye friza. Wengi wao walikuwa wahitimu kama ninyi. Wengine walianza kama wasaidizi wa muda, na leo wana shahada za uzamivu na wanasimamia watafiti wenzao. Hawakuzaliwa ndani ya chumba kile. Waligonga.

Nani amewaambia kwamba mlango ukifungwa mara moja umefungwa milele? Mtazameni Wangari Maathai. Mwaka 1966 alirudi Nairobi kutoka Pittsburgh na shahada ya uzamili ya baiolojia, mkononi ana barua ya kazi ya usaidizi wa utafiti katika zoolojia. Alipofika akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Barua anayo, kazi hana! Angeweza kurudi kijijini na kusimulia dhuluma ile maisha yake yote, na tungemhurumia. Akaendelea kutafuta, akampata Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo, akapokelewa kama msaidizi. Akajifunza kukata tishu na kuzitazama kwa hadubini. Mwaka 1967 akaenda Ujerumani, Giessen na Munich, kuongeza ujuzi, akarudi 1969, na mwaka 1971 akapata uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo.

Lakini linalonitetemesha mimi ni kupe. Miaka ile ya sabini mwanzoni Wangari alikuwa akitafiti ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na unaomaliza ng'ombe wetu, na kazi ikamtaka aende mashambani kukusanya kupe. Akiwa kule, ameinamia masikio ya ng'ombe, akaona mbavu za ng'ombe wenyewe zinahesabika. Akaona mito imekuwa ya rangi ya udongo. Akaona vilima alivyovijua utotoni vimenyolewa miti. Alikwenda kutafuta kupe akarudi na swali kubwa kuliko kupe. Juni 1977 alipanda miti saba Nairobi, ukawa mwanzo wa vuguvugu lililompatia Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Mnaelewa ninachosema? Utafiti wa uwandani ndio uliomfumbua macho. Mtu aliyekaa nyumbani akingoja tangazo haoni mbavu za ng'ombe.

Sasa mtaniuliza: mzee, milango yenyewe iko wapi? Iko karibu kuliko mnavyofikiri, na inaniuma kwamba wageni kutoka ng'ambo wanaijua kuliko ninyi.

Mmoja uko Duduville, Nairobi. Thomas Odhiambo, mtu aliyependa wadudu, aliandika mwaka 1967 katika jarida la Science kuhusu sayansi kwa maendeleo ya Afrika Mashariki, na miaka mitatu baadaye, 1970, akaanzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kinachoitwa icipe. Hakuridhika kujenga maabara. Aliona kwamba maabara isiyozaa warithi itakuwa kaburi zuri. Mwaka 1983 ukaanza mpango wa ARPPIS: mwanafunzi wa uzamivu anasajiliwa katika chuo kikuu cha Afrika, utafiti anaufanyia icipe, anasimamiwa na watu wa pande zote mbili. Wamepita humo vijana kutoka kila upande wa bara hili. Kituo chao cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ndiko kilikokuzwa kilimo cha vuta-sukuma: desmodiamu kati ya mistari ya mahindi inamfukuza nondo wa bungua na kukaba kiduha ardhini, na majani ya tembo pembezoni yanamvuta nondo akatage huko. Mama mwenye nusu eka anavuna mahindi na lishe ya ng'ombe mahali palepale. Na icipe hiyohiyo ndiyo imekuwa ikiratibu mfuko wa RSIF, unaosomesha uzamivu katika sayansi na uhandisi kwa ushirikiano wa serikali za Afrika. Ni nani kati yenu ameutafuta?

Uko Ifakara, ambako Rudolf Geigy wa Uswisi aliweka maabara ndogo miaka ya hamsini na leo ni taasisi ya Watanzania yenye jina duniani kote kwa habari za mbu. Uko Kilifi, tangu 1989, ambako vijana hupokelewa kujifunza utafiti wa afya kuanzia ngazi ya chini kabisa. Uko Tengeru, Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, iliyojengwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu wa sayansi na uhandisi. Uko Juja, ambako Umoja wa Afrika umeweka taasisi ya sayansi ya Chuo Kikuu chake cha Pan-Afrika. Uko Kigali kwa wapenzi wa hisabati, AIMS, ambako wahadhiri na wanafunzi wanakaa na kula pamoja, swali lililokushinda darasani unamuuliza mwalimu mkiwa mnakula chakula cha jioni. Kwa kinadada lipo shirika la OWSD, lenye makao yake Trieste, Italia, ambalo limekuwa likigharamia uzamivu wa wanawake wa nchi zilizoachwa nyuma kisayansi. Wajerumani wa DAAD wanalipia masomo hapahapa Afrika, wala si lazima upande ndege, ila tazameni sharti lao: shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Mnaongoja, mnasikia? Kungoja nako kuna tarehe ya mwisho.

Nataka nikae kidogo Zanzibar, maana pale moyo wangu unachemka. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Unguja tangu 1978. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa eneo la magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, ilianzishwa 1993 na makao yake yako papo hapo, na inatoa fedha za utafiti kwa wanafunzi na watafiti chipukizi kupitia mpango wa MARG. Na swali la kutafiti liko ufukweni linasubiri! Tangu 1989 akina mama wa Paje, Jambiani na vijiji vingine wamekuwa wakilima mwani kwa biashara. Aina ya cottonii ndiyo yenye bei nzuri. Bahari ilipozidi joto, cottonii ikaanza kufa kwenye maji mafupi: matawi yanageuka meupe kama barafu, yanalegea, yanakatika, mama anabaki na kamba tupu mkononi. Iliyostahimili zaidi ni spinosum, yenye bei ndogo. Daktari Flower Msuya alitumia miaka mingi kando ya wakulima hao, akihamishia kilimo kwenye maji marefu, akiwafundisha kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Mtu mmoja na wenzake wachache. Kazi iliyobaki ingeshughulisha watu hamsini.

Na ni nani anayefaa kuifanya? Mtoto aliyekulia Paje anajua bamvua bila kutazama jedwali. Anajua maji yatakupwa saa ngapi kesho, anajua mchanga upi unazamisha mguu, anajua bibi yake huuitaje mwani unaoanza kuugua kabla haujageuka mweupe. Huo ni ujuzi ambao mgeni kutoka ng'ambo atautafuta kwa miaka mitatu na asiupate nusu. Mwanangu, wewe unao bure, umeuchukua mgongoni mwa mama yako, halafu unaniambia huna uzoefu wa utafiti? Huna uzoefu! Nenda Taasisi ya Bahari kesho asubuhi, uwaambie unachokijua.

Basi tusemezane namna ya kupiga hodi, maana hodi nayo ina adabu.

Barua moja iliyonakiliwa kwa maprofesa arobaini si hodi, ni kelele za mnadani, na sisi tunaozipokea tunazijua kwa mstari wa kwanza. Chagua mtu mmoja. Tafuta makala yake, usome mpaka mwisho, ukae nayo siku tatu. Usiseme majarida yanauzwa ghali: tangu 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wamefungua Hinari, na ndugu zake wa kilimo na mazingira wakafuata, ili taasisi za nchi zenye kipato cha chini zisome bure au kwa gharama ndogo. Nenda maktaba ya chuo chako umwombe mkutubi nywila. Ukishasoma, mwandikie yule mtu ukurasa mmoja. Mwambie wewe ni nani kwa sentensi mbili. Mwambie ni kitu gani katika kazi yake kimekukosesha usingizi, na kwa nini. Mwambie unachoweza kufanya kwa mikono yako leo, na unachotaka kujifunza. Halafu nyamaza. Wiki tatu zikipita, hodi ya pili: mistari minne, kwa upole. Ya tatu, nenda mwenyewe kama nauli ipo.

Ukikataliwa, omba maoni ya waliosoma andiko lako. Wengi hawaombi! Wanachoma barua kwa hasira na maoni yanaungua nayo. Yale maoni ni darasa umepewa bila ada. Rekebisha, peleka tena dirisha likifunguliwa mwakani. Anayekuandikia barua ya udhamini mpe mwezi mzima, usimpigie simu usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Vibali vya utafiti na vya kamati ya maadili anza kuviulizia kabla fedha haijaingia, kwa sababu nimeona msimu wa mvua ukipita na mbu wake, mtafiti bado yuko kwenye benchi la ofisi. Na wakati unangoja majibu jifunze kuchambua takwimu kwa programu ya R, ambayo ni ya bure. Kituo chochote nikijuacho, anayeijua R hakai nje muda mrefu.

Mimi niliandika barua tatu, kwa mkono, nikapeleka posta. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa mistari mitatu: fedha hatuna, kama unaweza njoo kiangazi utusaidie kuosha mabakuli. Nikaenda. Miezi miwili niliosha mabakuli ya viluwiluwi, meupe, mia na ishirini kila asubuhi, bila sabuni, kwa sababu sabuni inaua viluwiluwi, unasugua kwa maji ya moto na kitambaa mpaka ute wote utoke. Jioni ndipo mzee yule aliponiruhusu kukaa kwenye hadubini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama.

Lakini hapa nasimama, niseme na wenye vituo. Mimi niliweza kwa sababu shangazi yangu alikaa kilomita mbili kutoka pale akanilisha. Kijana asiye na shangazi afanyeje? Mkimwambia aje bure, mnachagua watoto wa wenye nacho, na mtoto wa mvuvi mwenye akili kuliko wote anabaki ufukweni. Toeni nauli. Toeni mlo. Andikeni katika kila bajeti ya utafiti fungu la kijana mmoja wa kufundishwa, kama mnavyoandika fungu la mafuta ya gari. RUFORUM, muungano wa vyuo vikuu ulioko Makerere, una ruzuku ambayo profesa haipati mpaka awe na wanafunzi wawili wa uzamili atakaowafundisha humo. Huo ndio mfano. Fedha ya utafiti isiyomlea mtu imeliwa nusu.

Na ninyi wasimamizi, ndugu zangu, wenzangu, nakuja kwenu nikiwa na jeraha langu. Sura ya pili ya tasnifu yangu ilikaa kwa msimamizi mmoja miezi kumi na moja. Kila nilipouliza niliambiwa inasomwa. Mwezi wa kumi na mbili niliikuta mwenyewe chini ya rundo la karatasi za mitihani, ina duara la kikombe cha chai kwenye jalada, haijafunguliwa. Miezi kumi na moja ya maisha ya mtu! Nilikuwa nimeahirisha ndoa. Fedha zangu za uwandani zilirudishwa kwa mfadhili kwa sababu muda wake ulipita. Sikusema neno, nilishukuru nikaondoka, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuwaheshimu wakubwa. Leo nasema, kwa niaba ya kila aliyenyamaza: kukalia kazi ya mwanafunzi ni dhuluma. Kama unayo mezani sasa hivi, weka maandishi haya chini, uifungue.

Kumbukeni mvulana wa Magamba, Lushoto. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kidato cha tatu, aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu akitengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa. Hodi mbili hizo. Ya tatu aliipiga kwa mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Darasa likacheka tena. Osborne mwenyewe hakuamini, lakini alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wake ajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, jina la mwanafunzi na jina la mwalimu, na mpaka leo wanafizikia wa dunia wanabishana juu ya jambo linaloitwa athari ya Mpemba. Kila nikisimulia habari hii watu humsifu Mpemba, na anastahili. Mimi naomba tuwe na akina Osborne. Alichofanya ni kidogo mno: alirudi akajaribu. Ni mara ngapi mwanafunzi ameleta swali la ajabu ofisini kwetu tukamtazama juu ya miwani mpaka akajutia kuuliza?

Kwa wazazi nina machache. Binti yako akikwambia anakwenda Mbita miaka miwili kuhesabu wadudu, usimuulize ataolewa lini. Muulize anahitaji nini cha kubeba. Mpe chandarua, mpe baraka, na jirani akiuliza mwambie mwanangu ni mtafiti.

Na kwa wenye dola: viongozi wa Afrika waliahidi Lagos mwaka 1980 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ikasema asilimia 2. Tanzania ina mfuko wake, MTUSATE, chini ya tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, tangu 1995. Ahadi zipo, sheria zipo, mifuko ipo, na bado mtoto wa nchi hii akitaka kutafiti ugonjwa wa ng'ombe wa babu yake anangoja mfadhili wa Ulaya aupende ugonjwa huo. Namshukuru mfadhili. Uppsala, Sweden, wamekuwa wakilea wanafizikia wa nchi zetu tangu 1961, na baadaye wanakemia, kwa mpango wa nusu ya muda kule na nusu nyumbani, na wengi wa walimu wenu ni matunda ya mkono huo. Nendeni mkipata, nendeni bila woga, mkachote. Lakini lijazeni pengo hili, waheshimiwa! Mgeni hawezi kuwa ndiye anayelisha nyumba siku zote.

Nirudi kwenu, wanangu. Mwaka juzi, msimu wa masika, msichana mmoja alisimama nje ya mlango wetu wa kwanza kuanzia saa mbili asubuhi. Nilimwona dirishani nikasubiri nione. Saa tatu alikuwa bado amesimama, viatu vimelowa. Saa tatu na nusu akagonga, pigo dogo, kama anayeomba asisikike. Nilikuwa na sindano mbili mikononi na mbu chini ya lenzi, sikuweza kuinuka, nikamwita kwa sauti aingie. Akafungua mlango wa kwanza, akasita gizani. Nikamsikia akipapasa ukuta. Nikamwelekeza, na maneno yaleyale nawaelekeza ninyi nyote mlio nje: ufunge huo nyuma yako, usukume kwa kiwiko, halafu nyoosha mkono mbele, kitasa kiko kulia. Kiti kipo. Tumo ndani.